Kutembelea bustani ya Kijapani: mwongozo kamili, kuanzia kuomba nafasi hadi kuketi barazani

Wageni wengi wanaofika Kyoto hujipangia mahekalu matano au sita kwa siku moja. Jioni simu imejaa picha, miguu imewaka moto, na ukiwauliza ni bustani ipi ilikuwa na bwawa na ipi ilikuwa na mawe matupu, wanachanganya. Nawaelewa, maana nauli ya kufika Japani si ya mchezo na siku zenyewe ni chache. Lakini bustani hizi zilitengenezwa na watu waliopanga hata mahali mguu wako utakapokanyaga na mahali jicho lako litakapoinuka. Ukizipita mbio, umelipa kiingilio tu.

Kwa hiyo mwongozo huu umesimama juu ya shauri moja: bustani mbili kwa siku, si zaidi. Moja asubuhi, moja alasiri, na kila moja uijue kabla ya kufika kama inataka utembee au inataka uketi.

Hatua ya 1: Jua unakwenda kuona bustani ya aina gani

Aina tatu ndizo utakazokutana nazo mara nyingi.

Ya kwanza ni karesansui, yaani bustani kavu. Ina mawe, changarawe nyeupe iliyochanwa kwa reki, pengine kuvumwani kidogo, ile mimea mifupi ya kijani inayotanda kama zulia mahali penye unyevu. Maji hayamo kabisa. Mistari ya reki kwenye changarawe ndiyo mawimbi. Bustani hii haikanyagwi. Unaitazama ukiwa umeketi kwenye baraza la mbao. Mifano yake mikubwa ni Ryoan-ji, na Daisen-in iliyo ndani ya eneo la hekalu la Daitoku-ji, zote za Kyoto.

Ya pili ni bustani ya kuzunguka. Katikati pana bwawa lenye visiwa, na njia inalizunguka ikipanda vilima na kuvuka madaraja. Mabwana wakubwa wa enzi ya Edo (1603 hadi 1868) walishindana kuzijenga. Kenroku-en ya Kanazawa, Koraku-en ya Okayama iliyokamilika mwaka 1700, na Rikugien ya Tokyo iliyokamilika mwaka 1702 ni za aina hii. Hapa usipotembea huoni kitu, kwa sababu kila kona imefichwa hadi uifikie.

Ya tatu ni roji, njia ya kuelekea chumba cha chai. Ni ndogo, ina kivuli, haina maua ya kujionyesha, na kazi yake ni kukutuliza kabla hujaingia ndani. Wengi huipita bila kujua kwamba wamekwisha kuwa ndani ya bustani.

Kuna pia bustani isiyoingilika wala haina baraza la kuketi: ile ya Jumba la Makumbusho la Adachi, mjini Yasugi, mkoa wa Shimane, lililofunguliwa mwaka 1970. Wageni huiona kupitia madirisha makubwa, kama michoro iliyotundikwa ukutani. Yeyote anayeweza kufika huko afike, ila asitarajie kukanyaga nyasi zake.

Hatua ya 2: Chagua msimu

Sakura, maua ya micheri, huchanua Kyoto na Tokyo mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili. Majani ya momiji, yaani miti ya maple ya Kijapani, hugeuka mekundu Kyoto kuanzia katikati ya Novemba hadi siku za kwanza za Desemba. Hizo ndizo nyakati zinazotangazwa, na ndizo nyakati za msongamano. Kwenye hekalu la Tofuku-ji, katika siku za kilele cha majani mekundu, upigaji picha umewahi kupigwa marufuku kwenye daraja lake maarufu, kwa sababu watu walisimama hadi njia ikaziba.

Mimi ningekwenda Juni. Msimu wao wa mvua huanza karibu na mwezi huo na kuingia Julai, na watalii wengi huukimbia. Sisi tuliokulia kwenye masika, mvua ya rasharasha itatukimbiza vipi? Kuvumwani ikinywa maji hung'aa kijani ambacho hukioni mwezi mwingine wowote, mawe hugeuka meusi na mishipa yake kujitokeza, na baraza la hekalu linakuwa na watu wachache. Beba mwavuli, basi.

Majira ya baridi nayo yana uzuri wake. Kanazawa iko upande wa Bahari ya Japani, ambako theluji huanguka nzito na yenye maji hadi kuvunja matawi. Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Novemba, watunzaji wa Kenroku-en husimamisha nguzo ndefu kando ya misonobari na kufunga kamba kutoka kileleni hadi kila tawi, mfano wa mwavuli uliobaki mbavu. Kazi hiyo huitwa yukitsuri, na huanzia kwenye msonobari mkubwa wa Karasaki ulio kando ya bwawa. Februari na Machi, maua ya ume, yaani plamu ya Kijapani, huchanua huko Mito, kwenye bustani ya Kairaku-en iliyofunguliwa mwaka 1842, yenye miti ya ume ipatayo 3,000.

Agosti iache ikiwa unaweza. Joto la Kyoto mwezi huo lina unyevu unaowachosha hata watu wa pwani.

Hatua ya 3: Nafasi, viza na pesa

Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anahitaji viza ya Japani kabla ya kusafiri, kwa hiyo hilo litangulie. Baada ya hapo, bustani nyingi hazihitaji miadi: unafika, unalipa getini, unaingia. Bustani za umma za Tokyo kama Rikugien, Koishikawa Korakuen na Hama-rikyu ni za bei ndogo, karibu yeni 300. Mahekalu ya Kyoto mengi hutoza kati ya yeni 500 na 1,000. Kuwa na noti ndogo na sarafu, kwa maana si kila kibanda cha tiketi kinapokea kadi.

Mbili zinahitaji maandalizi.

Katsura Rikyu ni kasri dogo la mashambani, magharibi mwa Kyoto, lililoanzishwa na mwanamfalme Toshihito mwanzoni mwa karne ya 17 na kuendelezwa na mwanawe Toshitada. Linasimamiwa na idara ya kasri la Mfalme wa Japani. Unaomba nafasi mapema kwa mtandao au kwa barua, unakwenda na pasipoti, na unazungushwa kwa kikundi pamoja na kiongozi kwa muda wa saa moja hivi. Huwezi kubaki nyuma ya kikundi. Nafasi chache hutolewa siku ileile, lakini usizitegemee ukiwa na siku mbili tu mjini.

Saiho-ji, hekalu la kuvumwani, lina aina zipatazo 120 za mmea huo chini ya miti yake, na bustani yake ilifufuliwa na mtawa Muso Soseki mwaka 1339. Tangu 1977 haliingiliki bila maombi ya mapema, na mchango wake ni mkubwa mara kadhaa kuliko kiingilio cha mahekalu mengine. Kabla ya bustani, wageni kwa kawaida huketi na kunakili maandiko ya Kibudha kwa brashi. Nalisema mapema kwa ajili ya msomaji ambaye imani yake haimruhusu kushiriki jambo hilo, asije akalipa kisha akajikuta njia panda mbele ya wenyeji wake. Kuvumwani nzuri iko pia mahali pengine ambako hutaombwa kuandika chochote.

Hatua ya 4: Vazi na mzigo

Vaa viatu vinavyovulika kwa mkono mmoja. Utavivua na kuvivaa mara nyingi kwa siku, na wanaokusubiri nyuma wapo. Soksi ziwe nzima na safi. Kutembea peku ndani ya hekalu hakupendezi. Januari vaa pea mbili, kwani mbao za baraza zina baridi inayopenya hadi mfupani. Visigino virefu havifai kabisa, vinachimba njia na vinateleza kwenye mawe.

Sanduku kubwa liache kwenye makabati ya mizigo ya stesheni ya Kyoto. Stendi ya kamera usibebe, itakataliwa karibu kila mahali. Majira ya joto beba dawa ya mbu, kwa maana kwenye mianzi na kivuli wapo wengi.

Hatua ya 5: Fika geti likifunguliwa

Ryoan-ji hufunguliwa saa 2 asubuhi kuanzia Machi hadi Novemba, na saa 2:30 kuanzia Desemba hadi Februari. Kumbuka ratiba zao zitaandika 8:00 na 8:30. Uwe pale dakika 10 kabla. Tofauti ya kuingia saa 2 kamili na kuingia saa 4 ni kubwa kuliko tofauti ya msimu na msimu. Baada ya saa 4 mabasi ya wanafunzi na watalii yamekwisha kufika.

Treni ndogo ya Randen ina kituo chenye jina la hekalu hilo, kisha unatembea dakika chache kupanda mtaa wenye nyumba za watu. Ukitumia basi la jiji, panda kwa mlango wa nyuma na ulipe kwa dereva unaposhuka mbele. Na popote uendapo, ujue kuwa tiketi ya mwisho mara nyingi hukatwa nusu saa kabla ya kufunga.

Hatua ya 6: Soma alama zisizo na maandishi

Humo ndani vibao ni vichache, lakini bustani yenyewe inasema. Ukikuta jiwe dogo la mviringo, limefungwa kamba nyeusi kama kifurushi na kuwekwa katikati ya njia, hilo ni sekimori-ishi: usipite hapa. Hakuna mlinzi wala uzio, na wenyeji humtegemea mgeni kuliheshimu. Kipande cha mwanzi kilicholazwa kukatiza njia nacho kina maana hiyohiyo.

Kuvumwani usiikanyage hata kwa ncha ya kiatu, na hata ili kumpisha mtu. Mguu mmoja huacha kovu linalochukua muda mrefu kupona.

Utakuta pia birika la jiwe lililo chini, karibu na ardhi, lenye kata ya mwanzi. Linaitwa tsukubai, neno linalotokana na kuchutama. Limewekwa chini makusudi ili mtu yeyote, awe bwana au mtumishi, ainame anaponawa. Lile la Ryoan-ji lina umbo la sarafu ya kale yenye tundu la mraba. Tundu hilo linaungana na alama nne zilizochongwa kulizunguka, na kwa pamoja husomeka hivi: ninachojua ni kutosheka tu.

Sauti iwe ya chini. Simu iwe kimya. Watu usiwapige picha bila ruhusa.

Hatua ya 7: Namna ya kuketi mbele ya bustani kavu

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Bustani ya mawe ya Ryoan-ji ni mstatili wa takriban mita 25 kwa 10. Ina mawe 15 katika makundi matano, kila kundi limezungukwa na kuvumwani, na kilichobaki ni changarawe. Hekalu lilianzishwa mwaka 1450 na Hosokawa Katsumoto, likaungua katika Vita vya Onin, vita vya wenyewe kwa wenyewe, likajengwa upya mwishoni mwa karne hiyo. Aliyeipanga bustani hajathibitishwa hadi leo. Nyuma ya jiwe moja yamechongwa majina mawili, Kotaro na Seijiro, na wanahistoria bado wanabishana kama hao ndio mafundi.

Ukifika, utaona watu wamesimama wakihesabu mawe kwa kidole. Wamesikia kwamba kutoka barazani huwezi kuyaona yote 15 kwa pamoja, na ni kweli: popote ukaapo, angalau moja limejificha nyuma ya jingine. Mimi nami nilianza kwa kuhesabu. Nilipata 14, nikasogea, nikapata 14 mengine, na dakika 20 zangu za kwanza zikaishia kwenye hesabu.

Fanya hivi badala yake. Nenda moja kwa moja hadi mwisho wa baraza na uketi, miguu umeikunja au umeshuka ngazi moja, bila kugusa changarawe. Usitazame mawe kwanza. Tazama ukuta wa udongo ulio nyuma. Ulijengwa kwa udongo uliochanganywa na mafuta, na kwa miaka mingi mafuta yamepenya nje na kuuchora madoa ya kahawia na kijivu ambayo hakuna fundi angeweza kuyapaka. Kisha teremsha macho kwenye mistari ya reki, uone jinsi inavyokwenda sambamba uwanjani kote ila inapofika kwenye mawe huzunguka, kama maji yazungukavyo mwamba. Mwisho kabisa ndipo uangalie mawe, kundi moja moja. Wapo wanaosema ni visiwa baharini, wapo wanaosema ni chui milia akivusha watoto wake mtoni. Hekalu halikulazimishi jibu.

Kikundi cha wageni kikija na kelele, usiondoke. Vikundi hukaa dakika chache tu, vikishapiga picha vinakwenda. Baada yake kimya hurudi, na kimya hicho kinasikika zaidi kuliko kile cha mwanzo. Sogea upande wa pili wa baraza, keti tena. Nusu saa ndiyo kima cha chini.

Ukitoka, usikimbilie basi. Chini ya hekalu kuna bwawa la Kyoyochi lenye njia ya kulizunguka, na watu wengi hulipita. Papo hapo utakuwa umeona aina mbili za bustani kwa tiketi moja.

Aliyeipenda Ryoan-ji aende siku nyingine Tofuku-ji, aone kazi ya Shigemori Mirei ya mwaka 1939, inayozunguka makazi ya mkuu wa hekalu pande zote nne. Hekalu lilimtaka asitupe kitu, kwa hiyo mawe ya kutandaza ya zamani akayapanga upya pamoja na kuvumwani, mraba wa kijani na mraba wa kijivu kama ubao wa drafti, miraba ikizidi kuachana hadi inapotelea.

Hatua ya 8: Namna ya kutembea kwenye bustani ya bwawa

Mwenda pole hajikwai, na hapa msemo huo ni maelekezo ya kiufundi. Mawe ya kukanyagia, tobi-ishi, yamepangwa bila usawa ili macho yako yashuke kwenye miguu. Halafu unafika kwenye jiwe kubwa kuliko mengine. Simama hapo, inua kichwa. Fundi aliliweka kubwa ili usimame, na kilicho mbele yako wakati huo ndicho alichotaka ukione: taa ya jiwe, pembe ya bwawa, au mlima ulio mbali nje ya bustani. Kuuazima mlima namna hiyo huitwa shakkei. Kwenye hekalu la Entsu-ji, kaskazini mwa Kyoto, Mlima Hiei umeingizwa bustanini kwa njia hiyo, juu ya ua wa miti iliyokatwa sawasawa.

Kila unapopinda, geuka pia utazame ulikotoka. Daraja lililoonekana refu sasa ni fupi, kisiwa kimekuwa viwili.

Watu wa pwani wasiikose Hama-rikyu ya Tokyo. Bwawa lake ni la maji ya chumvi kutoka Ghuba ya Tokyo, na maji hujaa na kupwa humo kupitia milango inayofunguliwa na kufungwa. Ukikaa saa kadhaa utaona ukingo wa mawe ukijitokeza taratibu na samaki wa baharini wakihama. Kando kuna maghorofa marefu ya vioo. Wapo wanaoyalalamikia, mimi naona yanaifanya bustani ionekane shupavu zaidi.

Kenroku-en ina eneo la hekta 11 hivi, kwa hiyo itengee saa tatu. Kila mtu hupiga picha taa ya Kotoji, yenye miguu miwili ya urefu tofauti, mmoja majini na mwingine jiweni. Piga, kisha watafute wafanyakazi. Utawakuta wamechuchumaa wakiokota magugu kwenye kuvumwani kwa vidole, au wako juu ya ngazi wakipunguza sindano za msonobari kwa mkono. Kwangu mimi kuwatazama dakika 15 ni sehemu ya ziara. Husimuliwa kwamba bingwa wa chai Sen no Rikyu, alipoagizwa kufagia njia ya bustani, aliifagia ikatakata, kisha akautikisa mti ili majani machache yaanguke juu yake. Ukiwatazama wafanyakazi hao utaielewa hadithi hiyo.

Hatua ya 9: Kunywa chai

Bustani nyingi zina nyumba ya chai, na bakuli la matcha, yaani chai ya kijani ya unga, pamoja na kitafunwa kitamu, mara nyingi cha maharage yaliyosagwa na sukari, hugharimu kama yeni 500 hadi 1,000. Kula kitafunwa kwanza, kimalize, kwani chai yenyewe ni chungu na haina sukari. Weka bakuli kwenye kiganja cha kushoto, lishike kwa kulia, lizungushe kidogo mara mbili ili upande wake wenye urembo usikuelekee, kunywa kwa mafunda matatu au manne, futa ukingo kwa vidole, lirudishe lilivyokuwa. Ukisahau hatua moja hakuna atakayekukasirikia. Nyumba ya chai ya Hama-rikyu iko kisiwani katikati ya bwawa, na ndipo ningeanzia.

Ikiwa Japani bado iko mbali

Ndugu zetu walio Uingereza wanaweza kujizoeza kwenye Kyoto Garden ndani ya Holland Park, London, iliyofunguliwa mwaka 1991 na haina kiingilio. Walio Marekani wana bustani ya Portland, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 1967, na ile ya San Francisco iliyoanza mwaka 1894. Tumia hatua zilezile: fika mapema, simama kwenye jiwe kubwa, geuka nyuma.

Siku moja Kyoto, ukinifuata

Saa 2 asubuhi Ryoan-ji, barazani hadi saa 3, kisha bwawa la Kyoyochi hadi saa 4. Pumzika, kula mahali popote palipo karibu, vuka mji kwa basi bila haraka. Saa 8:30 mchana ingia Shisen-do, nyumba ya mshairi Ishikawa Jozan iliyojengwa mwaka 1641 chini ya milima ya mashariki. Keti kwenye mikeka ya tatami, tazama mchanga mweupe na vichaka vilivyokatwa mviringo. Huko bustanini kuna bomba la mwanzi linalojaa maji polepole, likielemewa linainama, linamwaga, na linaporudi hugonga jiwe: to! Lilitengenezwa kufukuza nguruwe mwitu na kulungu. Hesabu muda kati ya mlio mmoja na unaofuata. Hufungwa saa 11 jioni.